Tairi Halisemi Uongo
Hotuba kwa wajumbe wa kamati za parokia na wageni wafadhili, Kabuku, wilaya ya Handeni



Nimeombwa nizungumzie utunzaji wa vyombo vya usafiri. Mada hiyo ni pana, nami si fundi. Mimi hutunza daftari la mafuta na vipuri tu. Kwa hiyo nitazungumzia jambo moja: tairi za tela la maji linalovutwa na trekta. Nimelichagua kwa sababu jambo hilo nusura litufanye tumfukuze kazi mtu asiye na kosa.

Hali yetu mnaijua. Bomba la HTM, linaloleta maji Handeni kutoka Mto Pangani upande wa Korogwe, ni la tangu miaka ya 1970, na wapo watu wengi wanaoishi mbali nalo. Kiangazi kikikaza, tela lenye tangi la lita 5,000 ndilo linaloipa maji zahanati na shule. Tela likilala, watoto hushika ndoo badala ya daftari.

Tela letu lina ekseli mbili na tairi nne. Katika muda wa mwaka mmoja na nusu tulibadilisha tairi za ekseli ya nyuma mara tatu, wakati zile za mbele bado zina kashata. Wajumbe wakaanza kunong'ona kwamba dereva anauza tairi mpya na kufunga mitumba. Barua ya kumsimamisha kazi ikaandikwa, na aliyeiandika ni mimi. Dereva hakujitetea sana. Alisema tu, "Waheshimiwa, nendeni mkalale chini ya tela, mtazame." Sisi tukaona ni jeuri.

Kabla barua haijasainiwa, alifika mzee mmoja aliyefanya kazi miaka mingi katika karakana ya shamba la mkonge. Yeye alilala chini kweli. Akapitisha kiganja juu ya tairi, kwenda na kurudi. Upande mmoja mkono uliteleza, upande mwingine ukakwama kama juu ya meno ya msumeno. Akatuita tutazame. Tairi ya kulia ilikuwa kipara ukingo wa nje, huo tuliouona siku zote. Ile ya kushoto ilikuwa kipara ukingo wa ndani, ambao hakuna mjumbe aliyewahi kuinama akauona.

"Ekseli hii imekaa mshazari," akasema. Akaomba kamba. Akapima kutoka kwenye pini ya kuungia tela hadi kila ncha ya ekseli ya nyuma. Ncha ya kushoto ilikuwa imerudi nyuma sentimita tatu. Bolti ya katikati ya springi ilikuwa imekatika, kwa sababu baada ya kufunga springi mpya hakuna aliyerudi kukaza nati zake. Kumbe safari zote zile tairi hazikuwa zikibingirika tu, zilikuwa zikiburuzwa kiubavu. Bolti yenyewe bei yake haikufika nauli ya kwenda Korogwe na kurudi. Barua tuliichana, na dereva tukamwomba radhi mbele ya kamati nzima.

Ndugu wajumbe, tairi haliishi ovyo. Namna lilivyolika hueleza ugonjwa ulipo. Naomba tukumbuke dalili hizi:

1. Likiisha kingo zote mbili na kubaki na kashata katikati, upepo ni mdogo au mzigo umezidi.

2. Likiisha katikati na kubaki na kingo, upepo umezidi.

3. Tairi zote mbili za ekseli moja zikiisha ukingo wa ndani, shuku ekseli iliyopinda kwa mzigo. Moja ikiisha ndani na mwenzake nje, shuku ekseli iliyokaa mshazari.

4. Likiwa na mabonde mabonde kuzunguka, piga jeki, shika gurudumu juu na chini, ulitikise. Likicheza, beringi zimelegea au zimekufa. Tazama na springi na bushi zake.

5. Likiwa na bapa sehemu moja tu, breki imewahi kung'ang'ania na gurudumu likaburuzwa.

6. Tela la ekseli mbili likikata kona kali, tairi huburuzika kidogo. Hilo ni la kawaida. Lakini mkono wa tela ukiungwa juu mno, na springi za ekseli hizo zisiwe zimeunganishwa, mzigo huhamia ekseli ya nyuma na tairi zake hutangulia kuisha.

Nisemeje kuhusu upepo? Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, alipata hataza ya tairi la upepo, alilokuwa amelitengeneza kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Tangu hapo kinachobeba mzigo ni upepo, mpira unaufunga tu. Lita moja ya maji ni kilo moja. Lita 5,000 ni tani tano, kabla hujahesabu uzito wa tangi na tela lenyewe. Tairi lenye upepo pungufu chini ya tani hizo hukunjika, hupata moto, na mwisho hupasuka. Likipasuka kwenye barabara kuu ya Chalinze hadi Segera, katikati ya mabasi na malori, hatutakuwa tena tunazungumzia gharama ya vipuri.

Upepo upimwe asubuhi, tairi likiwa la baridi, kwa kipimo. Kulipiga teke si kupima. Ubavuni mwa tairi pameandikwa uzito linaloweza kubeba na upepo wake wa juu kabisa. Pana pia tarakimu nne za tarehe: 1419 maana yake lilitengenezwa wiki ya 14 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri lakini lililozeeka juani si tairi zima. Wanunuzi wa mitumba wazisome tarakimu hizo kabla ya kutoa fedha.

Ninaomba mambo matatu. Kwa kamati: kila tela liwe na daftari lake, na kila mwezi mjumbe mmoja ainame pamoja na dereva, wapitishe kiganja juu ya tairi zote, wapime kwa kamba pande mbili za kila ekseli. Tofauti ikifika nusu sentimita, aitwe fundi kabla ya kununua tairi. Tukifunga tairi mpya juu ya ekseli mbovu tunanunua hasara ileile mara ya pili.

Kwa wafadhili wetu, ambao tunawashukuru sana: mnapotusaidia kununua tela, tusaidieni pia kutenga fungu la bolti, grisi na beringi. Na mkija kututembelea, msiombe picha ya tela tu, ombeni na daftari.

La tatu ni letu sote. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu ulikuwa bolti moja, na ukuta ulikaribia kuwa riziki ya mtu na watoto wake. Kabla ya kumtuhumu dereva, tulale kwanza chini ya tela.