Sinema kwa Kadi ya Maktaba

Jamaa yako aliyehamia Marekani, endapo maktaba ya mji wake imejiunga na Kanopy, huduma ya filamu za mtandaoni, huandika katika simu nambari ya kadi yake ya maktaba pamoja na nambari ya siri, kisha akastarehe na filamu pasipo kutoa hata senti, maana gharama hubebwa na maktaba, nayo kwa sababu hiyo humwekea kikomo cha kila mwezi. Kwetu Tanzania, ambako mwaka 1935 jaribio la filamu lililokuwa na makao yake Vugiri lilianza kuzungusha sinema kwa lori, maktaba za umma, zilizoasisiwa kwa sheria ya 1963, zingali hasa hazina ya vitabu. Na hata huko kwa jamaa yako, kilicho bure ni filamu. Bando, wallahi, hulipiwa, kama tujuavyo sisi tunaokusanyika watano kwenye simu moja chini ya mkorosho.