Kutembea Bila Mzigo: Mume na Mkewe Katika Ziwa na Vilima vya Nyanza



Katika nchi ya Uingereza ipo desturi ambayo watu wengi wa Kisumu, wakisimuliwa, hucheka. Mtu na mkewe wapatapo likizo huvaa viatu vizito, hutia mkate na chai katika mfuko, kisha hutembea kwa miguu vilimani na kandokando ya maziwa siku nzima. Hawaendi kumtazama mgonjwa, hawafuati deni, wala hawana kitu cha kuuza. Hutembea ili waione nchi, basi. Mahali wanapopapenda sana ni kaskazini-magharibi ya England, kwenye ziwa Windermere, refu kuliko maziwa yote ya England, nalo urefu wake wapata maili 11 tu. Sehemu ile ilifanywa mbuga ya taifa mwaka 1951.

Walakini isidhaniwe ya kwamba ruhusa ya kutembea ilipatikana bure. Mwaka 1932 vijana wafanya kazi, wengi wao wa mji wa Manchester, walipanda mlima Kinder Scout, ambao wenye ardhi walikuwa wamekataza watu wasiukanyage. Watano kati yao walifungwa gerezani. Miaka 17 baadaye, yaani mwaka 1949, ikatungwa sheria ya mbuga za taifa na njia za watembeao kwa miguu. Watu hawaendi gerezani kwa ajili ya jambo la upuuzi.

Je, desturi hii yaweza kumfaa mtu wa Nyanza? Ili swali hili lipate jibu, na watwaliwe kwa mfano mume na mke wa Kisumu. Mume ni karani wa ofisi, mke ni mshonaji wa nguo. Mume amepata likizo, na katika likizo hiyo ametenga siku 6. Kwa kawaida siku kama hizo huishia shambani, au matangani, au katika shauri la karo. Mwaka huu mume amesema, "Nyar Seme, twende tukatembee." Humwita hivyo, yaani binti wa Seme, kwa kuwa ndiko alikozaliwa.

Mke akacheka, lakini si kwa furaha. Akajibu, "Baba watoto, mimi nimetembea tangu utoto wangu. Asubuhi mtungi, jioni kuni. Leo wataka nitembee tena, na safari hii nilipe nauli?"

Jibu hilo ni zito, wala halifai kupuuzwa. Nao ndugu wa mume walipopata habari waliuliza ni fedha ya nani itakayotumika bure hivyo. Hata hivyo mke alikubali kwa sharti moja, ya kwamba mfuko utabebwa na mume.

Siku ya kwanza walikwenda Dunga, kusini ya mji, mwendo upatao saa moja kwa mtu asiye na haraka. Walipita karibu na gati na stesheni ya reli. Reli hiyo ilifika ufukoni hapa mwezi wa Desemba mwaka 1901, na mahali pale pakaitwa Port Florence kabla ya jina la Kisumu kushika. Mume, kwa mazoea, alitangulia hatua 20 mbele, na mke akafuata nyuma. Ndivyo walivyotembea siku zote. Walipofika penye mafunjo, mume akageuka ili amwonyeshe ndege, akaona ya kwamba hana wa kumwonyesha, kwani mke yuko mbali. Tangu hapo akapunguza mwendo.

Mafunjo ya Dunga ni mali kubwa. Wamo humo ndege wasiopenda kukaa mahali pengine popote ila katika mafunjo. Humo samaki hutagia na vifaranga wao hujificha, na watu hukata mafunjo hayo kwa kusuka mikeka na vikapu. Mvuvi mmoja mzee aliyekuwa akishona wavu aliwasimulia habari za fulu, wale samaki wadogo wa namna nyingi waliokuwa wamejaa ziwani zamani. Mbuta alipoingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, aliwala mno, na namna nyingi zimetoweka. "Mbuta ametupa fedha, shemeji," alisema mzee huyo, "lakini mtoto wangu hajui ladha ya fulu." Kisha akawaonyesha mahali maji yalipofika mwaka 2020, ziwa lilipofura likafunika fuo nyingi na kuwahamisha watu.

Siku ya pili walipanda matatu ya njia ya Bondo mpaka Kit Mikayi, huko Seme. Ni majabali makubwa yaliyopandana, na urefu wake wapata futi 120. Maana ya jina lake ni jiwe la mke wa kwanza. Hadithi ya wenyeji husema ya kwamba palikuwa na mzee aliyeyapenda majabali hayo hata akawa anashinda pangoni kila siku, na mkewe humpelekea chakula. Watu walipomwuliza mama huyo mumewe yuko wapi, alijibu ya kwamba amekwenda kwa mke wake wa kwanza, yaani lile jiwe.

Hapo mke ndiye aliyetangulia, maana ni kwao. Alimwonyesha mume njia iliyopinda kati ya mawe na vichaka, akasema, "Hapa ndipo nilipopita na kuni." Mara wakakutana na mama mmoja aliyeweka mzigo wake chini apumzike. Mume akamwamkia kwa heshima, kisha akaomba aunyanyue mzigo ule ajaribu. Aliuinua hadi magotini, akaurudisha chini. Mama yule na Nyar Seme walicheka pamoja. Mume hakusema neno. Lakini njiani wakirudi aliuliza mambo ambayo katika miaka 19 ya ndoa hakuwahi kuyauliza: kuni zilikuwa mbali gani, maji yalitoka wapi, na ni nani aliyemtwika mzigo akiwa peke yake.

Siku ya tatu walipanda kilima cha Riat, kaskazini ya mji. Jasho liliwatoka, na mara tatu walikaa kivulini wanywe maji. Juu yake huonekana mji wote, na Ghuba ya Winam, na upande wa mashariki tambarare za Kano. Ziwa lenyewe lina eneo la maili za mraba zaidi ya 26,000, na sehemu ya Kenya ni kama 6 tu katika kila 100, nyingine zikiwa za Uganda na Tanzania.

Na hapa kuna jambo la ajabu. Maji ya ziwa hili yako futi 3,720 hivi juu ya usawa wa bahari. Mlima mrefu kuliko yote ya England, Scafell Pike, una futi 3,210, na ule wa Wales, Snowdon, una futi 3,560. Kwa hiyo mvuvi wa Dunga, akiketi katika mtumbwi wake, yuko juu kuliko Mwingereza aliyesimama kileleni kwa Scafell Pike. Milima ya Scotland ndiyo ipitayo kimo hicho, na mrefu kuliko yote, Ben Nevis, una futi 4,413.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Mume akaona ya kwamba maji ya ghuba si ya rangi moja. Mahali pengine ni ya kijivu, na kando ya nchi ni mekundu. Akasema, "Tope hilo limetoka wapi?" Mke akatazama kwa muda, akajibu, "Hilo si tope, Baba watoto. Hilo ni shamba la mtu."

Alisema kweli. Mto Nyando hutoka katika nyanda za juu za Nandi, hupita Kano na kuingia ghubani, nao hubeba udongo mwingi. Kilima kikikatwa miti na kulimwa bila matuta, mvua huchukua udongo wa juu, ambao ndio wenye rutuba. Mkulima hupata hasara mlimani, na mvuvi hupata hasara ziwani, maana udongo na mbolea viingiavyo majini hulisha gugumaji, ambalo tangu miaka ya 1990 limefunga njia za mitumbwi mara nyingi. Watu hao wawili hawajuani, lakini wanaibiwa na mwizi mmoja. Mtu aendaye kwa gari haoni jambo hilo, kwa sababu huona kilima kivyake na ziwa kivyake.

Siku ya nne walizunguka ghuba kwa gari mpaka Kendu Bay, wakatembea kulizunguka Simbi Nyaima, ziwa dogo la mviringo ambalo maji yake ni ya magadi, na ambamo heroe huja kutafuta chakula. Husimuliwa ya kwamba hapo palikuwa na kijiji kilichomkatalia bibi kizee chakula na mahali pa kulala, kikazama usiku huo. Jioni walilala Homa Bay.

Siku ya tano walivuka daraja la Mbita, wakaingia Rusinga. Katika kisiwa hiki Bibi Mary Leakey aliona mwaka 1948 fuvu la Proconsul, mnyama wa jamii ya nyani aliyeishi miaka yapata milioni 18 iliyopita. Katika kisiwa hicho hicho amezikwa Tom Mboya, aliyeuawa Nairobi tarehe 5 Julai 1969. Wataalamu husafiri kutoka nchi za mbali ili wayaone mawe ya Rusinga, na huku wako watu wa Kisumu waliozeeka pasipo kukanyaga kisiwa hicho.

Kwa wale watakaotaka kufuata mfano huu, yako mambo ya kuangalia. Safari ianze alfajiri, kwa kuwa jua la adhuhuri ni kali na tufani za ziwani huja ghafula. Maji ya kunywa yachemshwe. Mtu asiogelee wala asitembee majini penye majani na maji yaliyotulia, kwa maana konokono wa kichocho hukaa humo. Jioni asikaribie ufuko, kwani viboko hutoka kwenda malishoni. Apandaye mashua avae boya. Chandarua kisisahauliwe. Na apitaye shambani kwa mtu abishe hodi kwanza.

Siku ya sita walirudi nyumbani. Ndugu walipouliza wameleta nini, mke aliweka mezani samaki wakavu na mkeka mmoja wa mafunjo. Walipouliza fedha imeliwa na nini, mume alionyesha hesabu aliyoiandika, nayo ilikuwa nauli na chakula na malazi ya usiku mbili, basi. Hawakuridhika wote.

Juma lililofuata mume na mke walikwenda shambani kama ilivyo kawaida. Jioni mke alichukua mtungi ili aende mtoni. Mume akaondoka kitini, akachukua dumu, akamfuata. Na walipofika njiani hakutangulia. Majirani walitazama. Walakini wawili hao walikuwa wakizungumza juu ya matuta ya kuchimbwa katika mteremko wa nyuma ya nyumba kabla mvua kubwa hazijaanza, hata hawakuwaona majirani.