Kazi ya CNA Ni Darasa: Kujifunza Uuguzi Kando ya Kitanda

Mada kwa semina ya wanafunzi wa fani za afya wazungumzao Kiswahili nchini Marekani



Nimeombwa nizungumzie kazi ya msaidizi wa muuguzi, ambayo huku sote tunaiita CNA, na namna ya kuifanya huku unasomea uuguzi. Wengi wetu tuliiingia kwa sababu ya kodi ya nyumba na ada. Tukaiweka kwenye fungu la kubeba boksi, tukawa tunahesabu siku za kuiacha. Hoja yangu leo ni moja: kazi hii ni darasa la kwanza la uuguzi. Anayeifanya bila kuangalia atakuja kulipia chuoni somo ambalo alikuwa akilipwa kulisoma.

1. Kazi na sheria yake

Mwaka 1986 ilitoka ripoti nzito kuhusu hali mbaya ya matunzo katika nyumba za wazee za Marekani. Mwaka uliofuata, 1987, Bunge likapitisha sheria ya kuzirekebisha. Sheria hiyo na kanuni zake ndizo zilizoweka kiwango cha chini cha mafunzo ya msaidizi: saa 75, zikiwemo saa 16 za vitendo chini ya usimamizi. Majimbo yanaruhusiwa kuongeza. Texas inadai saa 100, California 160, Maine 180. Ukifaulu mtihani, jina lako linaingia katika daftari la jimbo, na kila mwaka mwajiri anapaswa kukupa mafunzo ya kazini yasiyopungua saa 12. Ukipitisha miezi 24 mfululizo bila kuifanya kazi hii kwa malipo, utapimwa upya au utasoma upya.

Kuna haki moja ambayo vijana wetu wengi hawaijui. Nyumba ya wazee inayopokea fedha za Medicare au Medicaid, mipango ya afya ya serikali, hairuhusiwi kumtoza ada ya mafunzo haya mtu iliyekwisha kumwajiri au kumwahidi kazi. Na kama ulijilipia mwenyewe, kisha ukaajiriwa katika nyumba ya namna hiyo ndani ya miezi 12, jimbo linapaswa kuwa na utaratibu wa kukurudishia gharama. Ulizeni.

Kwa walioingia kwa viza ya mwanafunzi, F-1, nasema kwa msisitizo: kazi mnayoruhusiwa bila kibali cha ziada ni ya ndani ya chuo, isiyozidi saa 20 kwa wiki wakati wa masomo. Nyumba ya wazee mtaani haimo. Swali la kufanya kazi nje ya chuo lipelekeni ofisi ya wanafunzi wa kigeni chuoni kwenu, msiliamulie kwenye kikundi cha WhatsApp.

2. Usiku mmoja

Nilikuwa na miezi miwili kazini, zamu ya saa tano usiku hadi saa moja asubuhi. Upande wangu alikuwapo mzee mmoja mkali. Kila nikiingia kumgeuza alinikaripia: mikono yako ya baridi, taa inaniumiza, mbona umechelewa. Usiku ule, raundi ya saa saba, hakusema neno. Nilimgeuza, nikamfunika, nikatoka nikishukuru kwamba leo nimepumzika.

Raundi ya saa tisa pia alikuwa kimya. Hapo ndipo niliposhtuka. Nikamwendea muuguzi wa zamu, mama wa makamo, nikamwambia, "Mzee wa chumba cha mwisho hayuko sawa."

Akaniuliza, "Hayuko sawa vipi?"

Sikuwa na jibu. Hakunigombeza. Aliniambia nirudi nikahesabu pumzi zake dakika nzima, nimshike kifundo cha mkono kana kwamba napima mapigo, maana mtu akijua unahesabu pumzi zake huzibadilisha. Nikahesabu 28. Mtu mzima akiwa ametulia huvuta pumzi 12 hadi 20 kwa dakika. Niliporudi na namba hiyo, yule mama aliinuka kabla sijamaliza sentensi. Mzee akapelekwa hospitali. Ilikuwa nimonia.

Kimya cha mzee yule kilikuwa dalili, nami kwa saa mbili nilikihesabu kuwa nafuu yangu. Kosa hilo nimelibeba hadi leo, na ndilo lililonifanya muuguzi. Nilijifunza mambo mawili usiku mmoja: kuona badiliko, na kulisema kwa namna ambayo mwenzako anaweza kulifanyia kazi. "Hayuko sawa" ni wasiwasi. "Anavuta pumzi 28 kwa dakika, na tangu saa saba hajasema neno, wakati kila siku husema" ni taarifa.

3. Namna somo linavyorudi darasani

Tangu Aprili 2023, mtihani wa leseni ya uuguzi, NCLEX, umekuja kwa sura mpya inayopima uamuzi wa muuguzi hatua kwa hatua. Hatua ya kwanza kabisa ni kutambua dalili: katika mengi unayoyaona, lipi ni la kushtukia? Kitabu kitakupa orodha ya dalili. Jicho la kuzibaini hulipati kitabuni. Linatoka kwa kumwona mtu yuleyule usiku hadi usiku, ukijua anavyokunywa chai, anavyotembea na anavyogomba.

Darasani tulifundishwa kidonda cha mgandamizo. Mimi tayari nilikuwa nimebonyeza kwa kidole ngozi nyekundu ya kisigino na kusubiri. Ikipauka na kurudi rangi, unashukuru. Ikibaki nyekundu vilevile, madhara yameanza. Na kumbukeni kwamba kwa ngozi nyeusi kama zetu wekundu huo hauonekani kirahisi, hivyo papasa joto na ugumu wake. Tulifundishwa kiharusi. Nilikwisha kujua kwamba shati huanzia mkono uliopooza wakati wa kuvaa, na mkono mzima wakati wa kuvua.

Lipo pia somo la heshima. Sisi tumelelewa kumwonea haya mtu mzima, na mara ya kwanza kumwosha mzee asiye ndugu yako ni mtihani mkubwa. Haya hiyo msiitupe, itumieni. Mwombe ruhusa, mfunike kila sehemu usiyoiosha, funga pazia, na mweleze kila unalofanya. Nayo habari ya mwili wake na maradhi yake iishie kazini. Isiwe picha, wala hadithi ya mezani.

4. Mipaka ya sare

Mwanafunzi wa uuguzi anayefanya kazi ya usaidizi yuko katika hatari moja ya pekee: anajua zaidi ya anachoruhusiwa kufanya. Chuoni umefundishwa kutoa dawa chini ya mkufunzi. Kazini, katika sare ya CNA, huruhusiwi, hata muuguzi akielemewa na kukuomba "msaada kidogo". Kataa kwa adabu na umweleze sababu. Leseni ambayo hujaipata bado inaweza kupotea.

5. Muda na mwili

Mshika mbili moja humponyoka, na mara nyingi kinachoponyoka hapa ni masomo. Anayepiga dabo, saa 16 kwa mkupuo, kisha akaingia darasani, amekaa tu. Somo halimwingii. Kwa hiyo napendekeza:

(a) Panga zamu baada ya kupata ratiba ya masomo, si kabla. Wikendi mbili za mwezi zinaweza kufaa kuliko usiku nne za wiki.

(b) Usinyanyue mgonjwa peke yako pale mpango wake wa matunzo unapotaka watu wawili au mashine. Mgongo ukiharibika, uuguzi umekwisha kabla haujaanza.

(c) Mwajiri akikulipia ada, soma mkataba hadi mwisho: miaka mingapi utamtumikia, na ukiondoka utarudisha nini.

(d) Kuwa na kijidaftari cha maswali, bila jina wala chumba cha mgonjwa. Andika uliloliona na hukulielewa, mpelekee mkufunzi.

(e) Wakufunzi na wauguzi mliopo, msaidizi akija na "hayuko sawa", msimfukuze. Mwulizeni, "Vipi?" Neno hilo moja ndilo lililonifundisha kazi.

Hitimisho

Usiku wa leo baadhi yenu mnaingia zamu. Nawaomba kila mmoja achague mgonjwa mmoja, amshike kifundo cha mkono, ahesabu pumzi zake dakika nzima, na kesho usiku ahesabu tena. Siku namba hiyo itakapobadilika, utakuwa wa kwanza kujua.