Upepo Hauchagui Nyumba

Nilikusudia kusema leo juu ya mvua za Katanga kwa jumla. Mwenzangu mmoja, msomi ninayemheshimu, amenitoa njiani. Baada ya dhoruba iliyoezua nyumba kadhaa mtaani Karavia, alisema mbele ya watu kwamba upepo ulichagua: ulichukua mabati ya huyu, ukamruka jirani, ukamkamata wa tatu. Kwake, huko kuchagua kunathibitisha ama kimbunga kinachozunguka, ama mkono wa mtu.

Tuanze na kimbunga. Upepo unaozunguka huangusha miti ikapishana na kutazamana. Kesho yake baada ya dhoruba nilipita na dira mkononi, watoto wakinifuata kwa kudhani natafuta madini. Mikaratusi, mijakaranda, nguzo za umeme, vyote vililala upande mmoja, na kadiri nilivyosonga mbele vikaachana kidogo kidogo kama vidole vya mkono uliokunjuliwa.

Aliyetufundisha kusoma alama hiyo ni Tetsuya Fujita, na mtanivumilia nikikaa kwake kidogo. Agosti 1945 alikuwa mwalimu kijana karibu na Kokura. Siku bomu la atomiki lilipokusudiwa kuangushwa Kokura, mji ulifichika, rubani hakuuona, likapelekwa Nagasaki. Fujita akatumwa kukagua magofu, akaona vitu vilivyolazwa kuelekea nje, pande zote, kutoka mahali pamoja chini ya mlipuko. Mwaka 1974, akiwa ndani ya ndege juu ya misitu ya Marekani iliyopigwa na dhoruba, aliliona umbo lilelile, na safari hii hapakuwa na bomu. Tarehe 24 Juni 1975 ndege ya Eastern Airlines ilianguka New York ikijaribu kutua, wakafa watu zaidi ya 110. Fujita akachambua kumbukumbu za ndege zilizoitangulia, akasema: hewa iliporomoka kutoka winguni, ikagonga ardhi, ikatawanyika. Wakubwa wa fani walimpinga. Mwaka 1978 rada zilizowekwa karibu na Chicago zikaonyesha kwamba alikuwa sahihi. Ramani zake, zilizojaa mishale aliyoichora kwa mkono, nazirudia kama wengine wanavyorudia Zaburi.

Jinsi hewa inavyoporomoka, wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanajua: Oktoba joto limefika kilele, hewa ya chini ni kavu, mvua inageuka mvuke kabla ya kutua, hewa inapoa, inakuwa nzito, inashuka. Upana wa eneo linaloguswa mara nyingi haufiki kilomita 4, na mambo huisha kwa dakika chache. Ndiyo maana Karavia inaweza kulia na Ruashi, mtaa mwingine wa mji huu, wakaanika nguo.

Kuhusu mkono wa mtu, tarehe 1 Agosti 1983 upepo wa namna hii ulivuma kwa kilomita kama 240 kwa saa katika kituo cha jeshi la anga cha Andrews, Marekani, dakika chache baada ya ndege ya Rais Reagan kutua. Kama ulitumwa, aliyeutuma hakuwa na saa.

Basi kwa nini jirani alipona? Nguvu ya upepo hukua kwa mraba wa mwendo wake: mwendo ukizidi mara 2, nguvu inazidi mara 4. Kwa kilomita 100 kwa saa, hapa kwetu penye mwinuko wa mita 1,200 hivi, ni karibu kilo 40 kwa kila mita ya mraba, na kwenye kingo za paa mvuto wa juu huzidi hapo. Bati jembamba lenyewe ni kilo chache tu. Mlango ukifunguka, upepo unasukuma na kutoka ndani pia. Jirani alikuwa amefunga mbao zake kwa waya uliozama ukutani. Mwenzake alitegemea misumari michache na mawe juu ya paa.

Sasa mtasema nikatae pia kwamba miti inatukinga na upepo, maana iliangukia nyumba. Nakubali: hewa inayotoka kilomita kadhaa juu haizuiwi na mwembe. Nakubali pia kwamba vipimo vya kutosha sina. Lakini hewa ikishatawanyika inakimbia chini chini, na ardhi yenye vizuizi huipunguza mwendo. Miombo iliyouzunguka mji huu tumeigeuza makaa, na hakuna atakayenishawishi kwamba hatulipi.

Ombi langu ni dogo. Mti ukianguka, kabla hamjaleta shoka, mniite nipime umelala upande gani. Magogo ni yenu.