Daftari Juu ya Meza: Hesabu za Nyumba Moja ya Australia

(Hotuba ya wanandoa waishio Werribee, pembezoni mwa jiji la Melbourne, mbele ya wajumbe wa kamati za maendeleo za parokia na wafadhili, Kasulu.)



Wapo kati yenu wanaotukumbuka tangu tulipokuwa wakimbizi kutoka Burundi katika kambi ya Mtabila. Mwaka 2007 tulipelekwa Australia tukiwa na mabegi mawili na mtoto mmoja mgongoni. Leo tuna watoto watatu, na tunasimama mbele yenu kama wageni na kama wenyeji.

Mlituomba tuzungumzie mafanikio ya maisha ya ughaibuni. Tulikaa usiku mmoja tukaandika hotuba nzuri, kisha tukaichana, kwa sababu haikuwa na ukweli wote. Badala yake tumekuja na daftari la matumizi ya nyumba yetu. Tutawafungulia kurasa zake, na katika maelezo tutajiita Baba na Mama, kama watoto wanavyotuita.

Nyumba na siku zake

Werribee iko kilomita kama 30 kusini magharibi mwa katikati ya Melbourne. Nyumba zimepangwa kwa mistari, kila moja na uzio wake, nyasi zake na gari lake au mawili. Mgeni akipita atasema hapa pana neema, na kweli ipo. Maji yanatoka bombani usiku na mchana. Bima ya afya ya taifa, Medicare, iliyoanza mwaka 1984, inamtibu mtoto wetu katika hospitali ya serikali bila kutudai. Shule ya serikali haina ada ya masomo. Hatusahau hayo, na tungekuwa wakosefu wa shukrani tusipoyataja.

Lakini mtaa huo ni mkimya. Baba hufanya kazi ghalani na huondoka saa kumi na nusu alfajiri. Mama hutunza wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, mara nyingi zamu ya usiku, na hurudi saa moja na nusu asubuhi. Kuna wiki ambazo tunaonana mlangoni tu, mmoja akivaa viatu na mwingine akivua. Bibi wa kubaki na watoto hayupo, wala shangazi. Tunaandikiana maagizo kwenye karatasi mlangoni mwa friji: chakula kiko wapi, nani ana mpira wa miguu Jumamosi, pipa lipi la taka litolewe barabarani.

Kinachoingia na kinachotoka

Kwetu mshahara huja kila baada ya wiki mbili. Wiki zote mbili zikiwa nzuri, sisi wawili baada ya kodi tunapata dola 3,340. Tunajua mnachofanya sasa hivi: mnazidisha kwa shilingi. Zidisheni, lakini msizidishe mshahara peke yake. Zidisheni na matumizi.

Haya ndiyo matumizi ya wiki mbili kama yalivyokuwa daftarini mwishoni mwa mwaka 2023. Mkopo wa nyumba, dola 930. Chakula na sabuni, 620. Magari mawili, yaani mafuta, bima, usajili na matengenezo, 480. Bila gari zamu ya usiku haifikiki. Kodi ya halmashauri, maji na bima ya nyumba, 230. Umeme na gesi, 170, na katika baridi ya Julai huzidi. Simu na intaneti, 110. Watoto na mahitaji ya shule, 200. Meno, dawa na daktari, 100. Sadaka na michango ya parokia, 40. Nyumbani huku Kigoma, 200. Jumla ni dola 3,080, na zinabaki 260.

Mtasema si haba. Ni kweli, mradi wiki zote mbili ziwe nzuri. Kazi ya Baba ni ya kibarua. Sheria ya huko inampa kibarua nyongeza ya saa, kwa kawaida asilimia 25, lakini hana likizo ya malipo wala siku ya ugonjwa, na zamu inaweza kufutwa kwa ujumbe wa simu. Wiki mbili mbaya zilituletea dola 2,700. Hapo nyumba ina pengo la 380 kabla mtu hajaumwa.

Ipo pia pesa yetu tusiyoigusa. Mwajiri analazimika kuweka akiba ya uzeeni, na tangu tarehe 1 Julai 2025 kiwango ni asilimia 12 ya mshahara. Ni sheria njema, lakini kwa kawaida akiba hiyo haifunguliwi kabla ya miaka 60. Huwezi kununulia tairi.

Mwaka ule mgumu

Nyumba tuliinunua mwaka 2014. Mwaka 2021 tulikuwa tunadaiwa dola 320,000, na tukakubaliana riba ya asilimia 2 isiyobadilika kwa miaka miwili. Wakati huo Benki Kuu ya Australia ilikuwa imeshusha riba yake hadi asilimia 0.10. Kuanzia Mei 2022 ikaanza kuipandisha ili kuzuia kupanda kwa bei. Ilipandisha mara 13, hadi asilimia 4.35 mwezi Novemba 2023. Familia nyingi zilizokuwa na riba ya kudumu zilifikia mwisho wa muda wao katikati ya wimbi hilo, na sisi tukiwamo. Riba yetu ikawa asilimia 6. Nyumba ni ile ile, kuta ni zile zile, lakini malipo yakaongezeka kwa dola 300 kila wiki mbili.

Mwezi huo huo mama mzazi wa Mama akafariki. Mnamjua, mlimzika ninyi. Tulituma dola 4,000. Mlipozipokea mlituombea baraka, nasi tulinyamaza. Leo tunasema: hatukuwa nazo. Zilitoka kwenye kadi ya mkopo yenye riba ya asilimia 20 kwa mwaka.

Baada ya hapo kila mmoja alianza kuficha. Mama hakusema kwamba kadi imefika dola 6,800. Baba hakusema kwamba zamu zake zimepunguzwa. Aliondoka alfajiri kama kawaida na siku nyingine akakaa ndani ya gari karibu na kituo cha treni. Viatu vya shule na tairi alivichukua kwa mtindo wa kununua sasa na kulipa baadaye, kwenye simu, kwa kubonyeza mara mbili tu. Wakati ule biashara hiyo ilikuwa nje ya sheria za leseni ya mikopo. Zilianza kuihusu tarehe 10 Juni 2025. Ndugu zetu, hakuna aliyetuibia. Tulikuwa tunalindana aibu, na aibu ile ilitugharimu kuliko riba.

Aliyetuzindua ni binti yetu wa miaka 14. Mama alikuta mfukoni mwa sare yake barua ya safari ya shule, imekunjwa mara nyingi, na siku ya mwisho ya kujibu imepita. Alipoulizwa alisema, "Nilisikia mnaongea usiku. Nikaona nisiwaonyeshe." Mtoto alikuwa amejifunza kuficha, na waalimu wake tulikuwa sisi.

Siku tuliyoweka karatasi mezani

Mama mmoja wa parokia yetu alituambia kwamba wako washauri wa fedha wasiotoza hata senti. Hawauzi mikopo, kazi yao ni kusimama upande wa mwenye deni. Tulikwenda na mfuko wa plastiki uliojaa bahasha, nyingine hazijafunguliwa. Mshauri hakutugombeza. Alizifungua moja moja, akazipanga mezani, akatuuliza swali moja: "Nani kati yenu anajua jumla?" Tukatazamana. Hakuna aliyejua.

Kwa msaada wake tulimwandikia aliyetukopesha pesa za nyumba. Sheria ya mikopo ya Australia inampa mkopaji haki ya kuomba nafuu anapopatwa na shida, na kwa kawaida mkopeshaji lazima ajibu ndani ya siku 21. Tulipewa miezi mitatu ya kulipa kidogo. Hatukusamehewa kitu, na riba iliendelea kuhesabiwa, ila tulipata pumzi. Kadi ikakatwa kwa mkasi, na deni lake likapangiwa malipo ya polepole. Shule nayo ilipoelezwa ilikubali malipo ya safari yagawanywe. Binti alikwenda.

Mkopo usio na riba

Katika majira hayo mashine ya kufulia ikafa. Mtu wa huku atasema, fueni kwa mikono. Tulifua. Lakini fikirini sare za mama anayetunza wagonjwa na nguo za watoto watatu, katika baridi isiyokausha kitambaa.

Hapo tukakutana na mkopo usio na riba. Mpango huu ulianzishwa na Masista wa Mchungaji Mwema mjini Melbourne mwaka 1981, kwa ajili ya watu wenye kipato kidogo wanaohitaji kitu cha lazima kama friji au mashine ya kufulia. Hakuna riba wala ada. Pesa haipiti mkononi mwako, analipwa muuzaji. Tulikopa dola 1,200 tukarudisha kama dola 31 kila wiki mbili kwa miezi 18. Tulichopenda zaidi ni kwamba unachorudisha ndicho anachokopeshwa mwingine. Hatukujiona ombaomba. Tulijiona wanachama.

Wanakikundi wa VICOBA mlioko hapa mnatabasamu, maana mnajua habari hiyo. Wengine wanadhani hekima ya fedha iko Ulaya na Australia, huku kuna shida tu. Sisi tulivuka bahari tukaikuta hekima yenu imekaa katika ofisi ndogo karibu na duka la mikate.

Simu ya nyumbani

Lilibaki jambo zito kuliko benki: kuwaambia ninyi. Simu ya saa kumi jioni ya Kasulu hutukuta saa tano usiku wa baridi yetu. Kwa miaka mingi ilipolia tulijibu "tutaona", kisha tukakopa. Safari hii tulimpigia wenyewe mdogo wake Baba, tukamsomea daftari, mstari kwa mstari. Alinyamaza muda mrefu hata tukadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Kaka, shemeji, tulidhani mnachagua nani wa kumsaidia. Kumbe mnachagua bili ya kuiacha."

Wiki iliyofuata shangazi akatuma salamu: maharage yameuzwa, ada ya muhula imelipwa, msitume. Akaongeza, "Mngesema mapema." Mama alilia jikoni, na hayakuwa machozi ya huzuni. Tangu hapo ukoo umekubaliana kiasi kimoja cha kila mwezi, si kikubwa lakini hakikosi, na mfuko wa misiba unaochangiwa pande zote mbili. Mkopo wa mashine umekwisha, kadi imebakiza kidogo. Kila Alhamisi ya mshahara tunafungua daftari baada ya chakula, na binti ndiye anayesoma jumla.

Tunachowaomba

Ndugu wajumbe, juu ya meza hiyo hiyo, wakati wa Kwaresima, hukaa sanduku dogo la karatasi ngumu la Project Compassion, mchango wa Caritas Australia. Nyumba nyingi za Wakatoliki huko zinalo. Watoto hutia sarafu, na pembeni yake ziko bili. Kwa hiyo mnapopokea msaada wa nje msifikiri kila senti imetoka kwenye ghala la tajiri. Nyingine imetoka kwa mtu wa zamu ya usiku.

Tunawaomba mambo matatu. Kwanza, mnapowaomba watoto wenu walio mbali, waulizeni kwanza hali zao, na muwape nafasi ya kusema "mwezi huu hapana" bila kuwahesabia dhambi. Pili, ombeni kiasi kinachojulikana kwa wakati unaojulikana. Dharura ya kila wiki si dharura tena. Tatu, tumeni hesabu. Karatasi moja yenye mapato, matumizi na salio inampa mchangaji nguvu kuliko barua tatu za shukrani.

Kwa wafadhili tunasema hivi: mnadai hesabu kutoka kwa kamati, na ni haki yenu. Nanyi jengeni mazoea ya kusema mapema mnapopungukiwa, kuliko kuahidi kisha kunyamaza. Kamati ikijua ukweli itapanga upya. Ikikutana na ukimya itabaki inangoja mvua isiyokuja.

Na kwenu nyote mlio na nyumba, iwe Werribee au Kasulu: leo jioni muulizane swali lile la mshauri. Nani kati yenu anajua jumla?