Kulwa Yupi?

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanafunzi wa zamani, Kirumba, Mwanza)



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu ya kutunza majalada ya wagonjwa. Ni kazi isiyo na sifa. Sijapata kumsikia mtoto akisema akikua atakuwa mtunza majalada. Lakini daktari asipoletewa jalada la mtu aliye mbele yake, elimu yake yote humtibu mtu mwingine.

Hapa Usukumani shida huanzia kwenye jina. Pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili Doto, na anayewafuata ni Shija. Majina mazuri, lakini simameni pale Mwaloni asubuhi, wachuuzi wa dagaa wamejaa, mwite "Kulwa!" muone watageuka wangapi. Ongezeni jina la baba, Masanja; bado watabaki kadhaa. Tena huyo huyo kanisani ni Maria, na mtaani ni Mama Shija. Kila zahanati humtaka anunue daftari, basi huvuka ziwa kutoka Ukerewe na madaftari matatu yenye majina matatu, na miaka ya kuzaliwa isiyopatana.

Katika hospitali moja niliyofanyia kazi walilazwa wanawake wawili wodi moja, wote Kulwa Masanja. Mmoja alikuwa na mzio wa penisilini. Iliwahi kumfunga pumzi. Jalada la mwenzake, lisilo na onyo hilo, likapelekwa kitandani kwake, na sindano ikawa tayari. Muuguzi akauliza swali moja tu: "Mama, umetokea wapi?" "Ukara." Jalada lilisema Magu. Sindano ikarudishwa kwenye trei. Namba za majalada zilikuwapo, tena zimepangwa vizuri, ila watu walizoea kuita kwa jina kwa kuwa ni haraka.

Vijana, msidhani jambo hili ni la wagonjwa tu. Anayetibu naye hana budi ajulikane kuwa ndiye. Namba ya mtihani wa kidato cha nne ndiyo utakayoombea chuo. Chuoni, tuseme pale Bugando ambako masomo ya udaktari yalianza mwaka 2003, utapewa nyingine. Baraza la Madaktari la Tanganyika litakusajili kwa muda ukiwa mafunzoni hospitalini, kisha usajili kamili. Ukiajiriwa serikalini, kuna namba ya cheki. Namba zote hizo ni za mtu mmoja, na uzi unaoziunganisha ni jina na vyeti.

Tarehe 28 Aprili 2017, huko Dodoma, Rais Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma. Waliokuwa na vyeti vya kughushi walikuwa 9,932, na watu wa afya walikuwamo. Kadhalika, vyeti 1,538 vilikuwa vikitumiwa na watumishi 3,076. Hesabu hii ya pili ndiyo inayonikosesha usingizi: cheti kimoja, watu wawili. Ukiwa mgonjwa, utajuaje ni yupi aliyekaa darasani?

Wapo wasemao namba ya NIDA, yenye tarakimu 20, itamaliza yote. Nakubali nusu. Tarakimu nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Bibi aliyekisia tarehe yake atabeba kisio hilo maisha. Mvuvi aliyeopolewa ziwani hana fahamu wala mfuko wa kitambulisho. Na mtoto mchanga wodini bado ni "mtoto wa Maria".

Tena si kila mtu anataka namba moja ifungue milango yote. Mgonjwa wa kliniki ya VVU ana namba yake huko, na wengine hawataki karani wa dirisha la bima aijue. Mimi nasema wana haki, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 iko upande wao. Kuunganisha namba ni kazi ya fundi. Kuamua nani azione ni kazi nyingine kabisa, na ngumu zaidi.

Basi ninyi wa kidato cha nne, kabla majina yenu hayajapelekwa Baraza la Mitihani, nendeni kwa mwalimu wa taaluma mkayasome herufi moja moja. Masanja na Massanja, machoni pa kompyuta, ni watu wawili, na kurekebisha baadaye ni viapo na nauli za Dar es Salaam. Nendeni leo, kabla ya chakula.