Kumlea Mtoto Mwenye Ulemavu

 

Jioni hii twapenda kunena juu ya jambo ambalo watu wengi hulisema kwa sauti ya chini, nalo ni habari za mtoto aliyezaliwa na ulemavu, au aliyeupata katika uchanga wake. Pole mmekwisha kupewa nyingi, nazo hazimnyooshi mtoto mguu. Twataka kueleza kazi ifanywayo kwa mikono ya mama, baba, bibi na ndugu, na kuonyesha kwa nini kazi hiyo haingoji.

Mtoto wa namna hii akionekana nyumbani, maneno hutangulia kabla ya matibabu. Mmoja husema mama amevunja mwiko. Wa pili husema mizimu imekasirika. Wa tatu hutaja jina la jirani. Basi fedha ya kwanza huenda kwa mganga, na mwezi wa kwanza hupita, na wa pili, hata wa sita. Mtoto hulazwa chumba cha nyuma, na mgeni ajapo mlango hufungwa. Wazee walisema, Mficha maradhi kifo kitamfichua. Twasema wazi kwamba ulemavu wa mtoto si malipo ya dhambi ya mtu, wala haukutoka mkononi mwa jirani. Sababu nyingi za ulemavu zajulikana, na hata pale sababu isipojulikana, msaada wajulikana.

Tuanze na habari ya mtu mmoja. Mwaka 1810 alizaliwa Uingereza mtoto aliyeitwa William John Little. Angali mdogo aliugua ugonjwa wa kupooza, na mguu wake mmoja ukapinda. Alipokua akajifunza uganga wa hospitali, lakini kwao hakuwapo daktari aliyeweza kumnyoosha mguu. Akasafiri mpaka Ujerumani, na mwaka 1836 daktari Stromeyer akaukata ule mshipa wa nyuma ya kisigino uliokuwa umejivuta, mguu ukanyooka. Little aliporudi kwao akaanzisha hospitali ya viungo mjini London. Kisha mwaka 1861 akawaeleza madaktari wenzake habari za watoto aliowaona kwa miaka mingi, ambao miguu yao hukakamaa na mikono yao haitii. Akawaonyesha kwamba wengi wao walizaliwa kwa shida au kabla ya siku zao. Ugonjwa ule ukaitwa kwa jina lake muda mrefu. Leo kwa Kiswahili twauita mtindio wa ubongo. Hujafa hujaumbika: yule aliyechechemea utotoni ndiye aliyewafumbua macho madaktari.

Habari hiyo yatuletea mambo mawili, mguu uliopinda na mwili uliokakamaa. Hebu tuyatazame moja moja.

Mguu uliopinda tangu kuzaliwa huitwa mguu kifundo. Unyayo huelekea ndani na chini, kana kwamba mtoto ataka kukanyaga kwa upande wa mguu. Katika kila watoto elfu moja wazaliwao, mmoja hivi huwa nao. Mtoto mchanga haoni maumivu, kwa hiyo wazazi hudhani wana nafasi ya kungoja. Lakini wazee walisema, Samaki mkunje angali mbichi. Mifupa ya mtoto wa majuma machache ni laini, nayo hukubali kuongozwa.

Daktari Ignacio Ponseti, mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi Marekani katika jimbo la Iowa, ndiye aliyetengeneza njia itumiwayo sasa duniani pote. Mguu husogezwa polepole kwa mikono, kisha hufungwa plasta kutoka vidoleni hata pajani. Baada ya juma moja plasta hutolewa, mguu husogezwa tena kidogo, na plasta mpya hufungwa. Hivyo hivyo kwa majuma matano, sita au saba. Watoto wengi huhitaji pia kukatwa kidogo ule mshipa wa kisigino, kisha plasta ya mwisho hukaa majuma matatu. Daktari bingwa si lazima kwa kila hatua: mwaka 2005 ilitangazwa habari ya Malawi, nchi inayopakana na Ileje, kwamba maafisa tabibu waliofundishwa kazi hiyo waliwanyoosha watoto miguu kwa njia hii na kufanikiwa vema.

Sasa sikilizeni sana, kwa maana hapa ndipo wengi waangukapo. Plasta ikiisha, mguu waonekana mzuri, na nyumba nzima hufurahi. Mtoto hupewa viatu viwili vilivyounganishwa kwa chuma. Huvivaa saa 23 kila siku kwa muda wa miezi mitatu, kisha huvivaa alalapo mpaka atimize miaka minne au mitano. Mtoto hulia siku za kwanza; bibi humhurumia; viatu huwekwa juu ya kabati. Miezi ikipita mguu hurudi ulikotoka. Basi huruma ya kweli ni kumvalisha. Plasta ni kazi ya hospitali, viatu ni kazi ya nyumbani, na pasipo ya pili ile ya kwanza ni bure.

Tuje kwa mtindio wa ubongo. Ubongo wa mtoto hudhurika akikosa hewa wakati wa kuzaliwa, akipata manjano makali siku za kwanza bila kutibiwa, akishikwa na homa ya uti wa mgongo au malaria ipandayo kichwani, au akizaliwa kabla ya wakati. Kwa hiyo yafaa mama ajifungulie penye mkunga mwenye ujuzi, na mtoto aonekanaye manjano siku ya kwanza apelekwe hospitali siku ile ile. Dhara lililokwisha kuingia ubongoni halizidi kukua, walakini viungo visipotunzwa huzidi kukakamaa. Ndiyo sababu twasema siku zina thamani.

Dalili ni hizi. Mtoto wa miezi minne asiyeweza kuinua kichwa. Wa miezi tisa asiyeweza kuketi peke yake. Wa miezi 18 asiyetembea. Mtoto akazaye ngumi daima, au avukaye miguu kama mkasi, au alegeaye mwili kama kitambaa. Dalili moja si hukumu, bali ni sababu ya kumpeleka kliniki.

Nyumbani fanyeni hivi. Kwanza, msimlaze mtoto namna moja tangu asubuhi hata jioni. Mgeuzeni, mketisheni, mlazeni kifudifudi kwa muda huku mkimtazama, ili ajifunze kuinua kichwa. Fundi seremala wa kijiji aweza kumtengenezea kiti chenye pembe, kilicho na ubao pande mbili na meza ndogo mbele. Hata sanduku lililokatwa vema hufaa. Kumbeba mgongoni kwa kitenge, miguu ikiwa imetengana, ni desturi yetu tangu zamani, nayo humfaa sana mtoto ambaye miguu yake hubanana. Msimvute viungo kwa nguvu. Mnyoosheni polepole baada ya kumkanda kwa maji ya vuguvugu, kama mtaalamu alivyowaonyesha.

Pili, kulisha. Watoto wengi wa namna hii hawauawi na mtindio wenyewe. Huuawa na njaa, au na chakula kiingiacho mapafuni. Kamwe msimlishe mtoto akiwa amelala chali, wala msimtupe kichwa nyuma na kummiminia uji. Mketisheni wima, kichwa kikiinama mbele kidogo. Tumieni kijiko kidogo, uji uwe mzito kiasi, na ngojeni ameze kabla ya kumpa tena. Mlo waweza kuchukua saa nzima. Kwa hiyo watu wa nyumba na wapokezane.

Tatu, maneno. Mtoto asiyesema huenda anasikia na kufahamu yote. Semeni naye, mwiteni kwa jina lake, mpeni achague kati ya vitu viwili na mtazame macho yake yanakokwenda. Watu wengine humwita mjinga mtoto ambaye kasoro yake ni kwamba ulimi haumtii.

Kuna mtoto mwingine ambaye hutembea na kukimbia, lakini hachezi na wenzake, hageuki aitwapo, hurudia jambo moja mara nyingi, na hufadhaika kwa kelele. Huyu huenda ana usonji. Umoja wa Mataifa mwaka 2007 uliiweka tarehe 2 Aprili kuwa siku ya kuutambua usonji duniani kote. Mtoto huyo hakukosa adabu, na fimbo haimfundishi. Hufundishwa kwa maneno machache, kwa picha, na kwa ratiba isiyobadilika ovyo.

Huenda msikilizaji atauliza, Nianzie wapi? Anza zahanati iliyo karibu, ukachukue na kadi ya kliniki ya mtoto. Mwambie muuguzi yote uliyoyaona, bila haya. Omba barua ya rufaa kwenda hospitali ya wilaya au ile ya mkoa iliyoko Vwawa, na ikihitajika uendelee mpaka Hospitali ya Rufaa ya Kanda mjini Mbeya. Kabla ya kupanda basi uliza kwa simu siku ya kliniki ya watoto na ya wataalamu wa viungo, usije ukalipa nauli bure. Mbali zaidi kuna hospitali ya CCBRT Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu wenye ulemavu, na KCMC mjini Moshi, ambapo tangu mwaka 1981 pana chuo cha kuwafundisha mafundi wa viungo bandia.

Twajua kwamba safari ni mzigo. Kutoka Tunduma hata Mbeya ni yapata kilomita 100, na plasta za kila juma zataka nauli za kwenda na kurudi. Basi ukoo na ukae kikao mapema, kama ukaavyo kwa ajili ya arusi au matanga. Mmoja atoe nauli, mwingine apalilie shamba, na aliye na jamaa Mbeya aombe mama na mtoto wapokewe kwa majuma yale. Kama ukoo waweza kukusanya fedha za kumzika mtu, waweza pia kukusanya za kumfanya mtoto atembee.

Sheria nayo iko upande wa mtoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza kumbagua mtoto kwa sababu ya ulemavu, na Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Na. 9 ya mwaka 2010, yampa haki ya elimu na matibabu. Shule za msingi na za sekondari za kawaida za serikali hazitozi ada. Mtoto akikataliwa, au akifungiwa ndani, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri ndiye wa kuendewa. Kumbukeni kwamba shule ya wasioona ya Buigiri, karibu na Dodoma, ilianza mwaka 1950, na shule ya viziwi ya Tabora mwaka 1963. Zamani mtoto alingoja shule ijengwe kwa ajili yake. Leo shule ya kijiji nayo yapaswa kumfungulia mlango.

Na akikua? Tazameni Iringa, ambako tangu mwaka 2003 kuna karakana iitwayo Neema Crafts. Humo watu wenye ulemavu hufuma, hushona, hutengeneza karatasi, na viziwi huwahudumia wageni katika mkahawa. Hula kwa jasho lao.

Neno letu la mwisho ni juu ya mama. Mtoto wa miaka saba asiyetembea ni mzito, na mgongo wa mama ni ule ule. Pale mpakani mama muuzaji wa vitu vidogo ana njia tatu: kumfungia mtoto ndani, kumbeba sokoni juani, au kuacha biashara na kulala njaa. Mara nyingi baba amekwisha kuondoka, akisema kwamba kwao hakuna watoto wa namna hii. Bwana uliyeondoka kwa sababu hiyo, damu ya mtoto ni yako pia, na mikono yako ina nguvu ambazo mama hana.

Ninyi akina mama mlio na watoto hawa, tafutaneni. Watano wakiungana, wawili watawalinda watoto wote siku moja, na watatu watakwenda sokoni. Kesho watabadilishana zamu. Na aliyefundishwa zoezi hospitali atawafundisha wenzake, naye muuguzi ataweza kuwaona wote mahali pamoja. Mkono mmoja haulei mwana.

Ninyi wanafunzi, msimwite mtoto kwa jina la ulemavu wake. Mchukueni kivulini mnapocheza, mpeni kazi ya kuhesabu mabao, msomeeni kitabu. Na kesho mkipita penye nyumba ambayo mwajua mna mtoto asiyeonekana, waambieni wazazi wake kwa adabu habari hizi mlizozisikia, wakampeleke kliniki juma hili hili.